Daktari Naye Husema "Sijui"

Leo tunazungumzia jambo ambalo huenda hujawahi kuliwaza: daktari hujifunzaje udaktari? Usiruke ukurasa huu eti kwa sababu wewe unachukua masomo ya sanaa. Jambo hili linamgusa kila mwenye mdogo wake nyumbani, na kila mwenye mtihani mbele yake.

Naanza na kitu nilichokiona darasani hapa Bugene. Nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu malaria. Nikauliza, "Nani anajua dalili za malaria?" Mikono ikajaa hewani. Darasa zima likajibu kama kwaya: homa, kutetemeka, kuumwa kichwa, kutapika, viungo kuuma. Safi kabisa! Nikabadilisha swali: "Mdogo wako ana homa siku ya tatu. Anakohoa. Vidonge vya malaria alivyopewa nyumbani havijamsaidia. Utafanya nini?"

Kimya. Hata nzi akipita ungemsikia. Mwishowe binti mmoja wa dawati la nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sijui. Ila ningemuuliza kwanza mama, ni vidonge gani alimpa."

Darasa likaangua kicheko. Walimcheka kwa sababu alisema "sijui". Lakini jamani, katika darasa lile yule binti peke yake ndiye aliyejibu kama daktari. Soma taratibu utaona kwa nini.

Jibu la mtihani lililobadilika mara mbili

Kwa miaka mingi, karibu dunia nzima, wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivi: miaka ya mwanzo ni vitabu tu. Majina ya mifupa, misuli, mishipa na kemikali za mwilini. Mwanafunzi anakariri, au kama mnavyosema wenyewe, anakremu. Anafanya pepa, anafaulu. Baada ya hapo ndipo anapelekwa wodini kuona wagonjwa. Akifika huko anakuta nusu ya aliyokariri yameshayeyuka. Na yale yaliyobaki hajui ayatumie wapi, maana mgonjwa haji na kichwa cha habari kilichoandikwa "Sura ya Tano: Mapafu". Mgonjwa anakuja na kusema, "Daktari, sijisikii vizuri."

Kuna tatizo la pili, kubwa zaidi. Majibu yenyewe hubadilika.

Chukua malaria hiyo hiyo. Daktari wa hapa Karagwe aliyekariri mwaka 1995 kwamba malaria hutibiwa kwa klorokwini alikuwa sahihi. Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeshaizoea. Ikaja SP, ambayo wazazi wenu wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mwaka 2006 hiyo nayo ikaondolewa kuwa dawa ya kwanza, ikaja dawa mseto ya ALu. Jibu moja la mtihani limebadilika mara mbili ndani ya muda mfupi. Aliyekariri tu mwaka 1995, akafunga daftari, angekuwa anatoa klorokwini mpaka leo.

Na mambo hayajaishia hapo. Mwaka 2022 watafiti walifuatilia wagonjwa wa malaria papa hapa wilayani Karagwe. Kwa kawaida mgonjwa akimeza dawa mseto, siku ya tatu vimelea haviwi tena kwenye damu. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa Karagwe siku ya tatu ilifika na vimelea bado vinaonekana. Matokeo hayo yalitangazwa kwenye majarida ya kisayansi ya dunia mwaka 2024. Yaani baadhi ya vimelea vya hapa kwetu vimepata badiliko kwenye vinasaba vyao, na sasa vinakufa polepole.

Usiogope. Dawa mseto bado iliwaponya wagonjwa katika utafiti ule, kwa sababu ndani yake mna dawa mbili: ya kwanza ikichelewa, ya pili inamalizia kazi. Ndiyo sababu unaambiwa umalize dozi, hata kama umepata nafuu siku ya pili. Ila fikiria: daktari atakayefanya kazi Nyakahanga au Murongo miaka 20 ijayo, ambaye pengine ni wewe, atakutana na malaria ambayo haimo kwenye kitabu anachosoma leo. Atafanyaje?

Ugonjwa usiokuwa na jina

Kagera inalijua swali hilo vizuri kuliko mikoa mingi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa huu. Waganga wakati ule waliona watu wazima waliokuwa na nguvu zao wakikonda, wakiharisha bila kukoma, wakikohoa, wasipone kwa dawa yoyote. Kwenye vitabu vyao vya chuo sura hiyo haikuwepo. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa na madaktari wa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1981 tu. Mitaani watu waliuita Juliana, jina la nguo za biashara zilizokuwa zikivushwa mpakani. Waulize wazee nyumbani, wanakumbuka.

Tena Machi 2023, katika Wilaya ya Bukoba, watu wa familia moja walianza kuugua homa kali na kufa. Mtu angeweza kusema ni malaria, yakaisha. Sampuli zilichukuliwa, zikapimwa, na tarehe 21 Machi serikali ikatangaza kuwa ni virusi vya Marburg, ambavyo havijawahi kuonekana Tanzania kabla ya hapo. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, na kati yao alikuwemo mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Katika hali kama hizi, anayeokoa maisha ni yule anayesimama na kusema, "Hapana, hii sielewi. Hebu tuulize zaidi." Swali linakuja: unamfundishaje mtu kufikiri hivyo?

Shule iliyogeuza kitabu juu chini

Mwaka 1969 chuo kikuu cha McMaster, katika mji wa Hamilton nchini Kanada, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari na kuwafundisha kinyume na kawaida. Hawakuanza na sura ya kwanza ya kitabu. Walianza na mgonjwa. Wanafunzi wachache walikaa mezani, wakapewa kisa cha mtu anayeumwa, wakaambiwa: haya, tafuteni wenyewe mnahitaji kujua nini ili mmsaidie mtu huyu. Njia hii kwa Kiswahili tunaweza kuiita kujifunza kwa kuanzia na tatizo.

Mwaka 1974 chuo kipya cha Maastricht nchini Uholanzi kikaichukua na kuipangia hatua saba, ambazo tutaziona sasa hivi. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Mbarara, ambacho kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa kiko ng'ambo tu ya Mto Kagera, kilianza kufundisha udaktari kwa kuwapeleka wanafunzi vijijini. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikafungua shule ya udaktari iliyotumia mafunzo ya kuanzia na tatizo tangu siku ya kwanza, pamoja na kuishi na jamii. Makerere, shule kongwe kabisa ya udaktari katika eneo letu, ikabadilika mwaka 2003. Hapa nyumbani Muhimbili ikaleta mitaala mipya mwaka 2011, mitaala inayouliza mwanafunzi anaweza kutenda nini, na si amekumbuka nini tu.

Kisa cha Kato

Maneno matupu hayavunji mfupa. Tujaribu wenyewe. Kisa hiki nimekitunga, lakini kila mama wa hapa atakwambia amekiona.

Wanafunzi 8 wamekaa kuzunguka meza. Mmoja ni mwenyekiti, mmoja ni katibu, anaandika ubaoni. Mwalimu yupo, lakini amekaa pembeni. Kazi yake si kutoa majibu. Wanapewa karatasi hii:

"Kato ana miezi 18. Mama yake amemleta zahanati. Ana homa, leo ni siku ya tatu. Anakohoa. Juzi bibi alimpa vidonge vya malaria vilivyobaki mwaka jana. Leo asubuhi amekataa uji. Mama anasema, 'Malaria yake haisikii dawa.'"

Hatua ya kwanza: kuelewa maneno. Je, kuna neno hatulielewi? "Haisikii dawa" maana yake nini? Mama anasema amepewa dawa na hajapona. Hajasema kuwa vimelea vimezoea dawa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya pili: tatizo ni nini? Wanaandika ubaoni kwa sentensi moja: mtoto mdogo ana homa na kikohozi, hajapata nafuu baada ya dawa iliyobaki.

Hatua ya tatu: kila mtu atoe wazo. Hakuna kuchekana. Mmoja anasema, "Hii ndiyo malaria sugu ya Karagwe niliyoisoma!" Mwingine anasema, "Labda dawa ilikwisha muda wake." Wa tatu, "Labda ilikuwa nusu dozi." Wa nne, "Mbona mnasema malaria tu? Kikohozi je?" Katibu anaandika yote, hata lile linaloonekana la kijinga.

Hatua ya nne: kupanga mawazo. Yanagawanyika makundi matatu. Moja, ni malaria na dawa haikutosha. Mbili, ni malaria na dawa haiwezi. Tatu, si malaria kabisa.

Hatua ya tano ndiyo moyo wa njia hii: hatujui nini? Hapo ndipo "sijui" inapopata heshima yake. Wanaandika: Hatujui kama mtoto anaweza kunyonya au kunywa. Hatujui anapumua mara ngapi kwa dakika. Hatujui kipimo cha malaria kinasemaje. Na mwanafunzi mmoja mkaidi anauliza, "Hata kikisema hana, si ni kwa sababu ameshameza dawa juzi?" Swali zuri! Hakuna anayejua jibu. Mwalimu anajua, ila ananyamaza. Linaandikwa.

Hatua ya sita: kila mtu aende akatafute. Maktaba, vitabu, wataalamu, miongozo ya wizara. Wanapewa siku mbili tatu.

Hatua ya saba: kurudi na kufundishana. Hapa huruhusiwi kusoma notsi kama taarifa ya habari. Unaeleza kwa maneno yako, wenzako wanakubana kwa maswali.

Aliyefuatilia kipimo anaeleza kuwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, kinachotumika kwenye zahanati zetu, hutafuta protini inayotolewa na vimelea. Protini hiyo hubaki kwenye damu siku nyingi, hata wiki, baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo kumeza dawa juzi hakutoshi kukifanya kipimo kiseme hana malaria kama alikuwa nayo.

Sasa mwalimu anawapa karatasi ya pili: "Kato ananyonya, ingawa kidogo. Hatapiki kila kitu. Hajapata degedege. Yuko macho, anamtazama mama. Kipimo cha malaria: hana. Anapumua mara 52 kwa dakika. Kifua hakibonyei ndani anapovuta pumzi."

Hapo mwanafunzi aliyefuatilia upumuaji anaruka kwenye kiti. Mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka kuliko inavyotakiwa. Mtoto wa miezi 2 hadi 12, mpaka wake ni mara 50. Mtoto mwenye kikohozi na anayepumua haraka hivyo hutibiwa kama mwenye nimonia. Kwa nini anapumua haraka? Vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu vimejaa majimaji na usaha. Hewa safi inaingia kidogo kwenye damu, ubongo unaamrisha: vuta pumzi tena, upesi!

Kumbe Kato hakuhitaji dawa kali zaidi ya malaria. Anahitaji antibiotiki, ambayo mganga wa zahanati atampimia kwa uzito wake. Wanafunzi wale hawatakuja kusahau mpaka ule wa 40, kwa sababu sasa namba ile ina sura ya mtoto.

Umeona sasa? Yule aliyerukia "malaria sugu" hakuwa mjinga. Jambo analolisema lipo kweli, na lipo hapa hapa Karagwe. Ila alikimbilia jibu kabla ya kuuliza. Kama zahanati ingemfuata, Kato angepewa tena dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani, na nimonia ikaendelea kumla taratibu.

Mikono nayo husoma

Haya, tumejua kuwa lazima kuhesabu pumzi. Je, unajua kuhesabu? Usinijibu haraka. Mtoto akilia, hesabu haifai. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, unaweza kukosea, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Inatakiwa umpandishe nguo juu ya tumbo, akiwa ametulia au amelala mikononi mwa mama, uangalie tumbo au kifua kinavyopanda, dakika nzima kwa saa. Hayo huwezi kuyajua kwa kuyasoma tu. Ni kama baiskeli: hakuna aliyejifunza kuendesha kwa kusoma notsi.

Kwa hiyo vyuo vilitengeneza vyumba maalumu vya kujifunzia ujuzi wa mikono, na Maastricht ni kati ya vyuo vilivyotangulia. Humo mna mikono ya plastiki ya kuchomea sindano, midoli ya kufanyia mazoezi ya kuokoa maisha, na nyonga za kujifunzia kuzalisha. Mwanafunzi anakosea kwa mdoli mara 20 ili asikosee kwa mama yako.

Hapa Tanzania tuna ushahidi. Mtoto mchanga asiyevuta pumzi ana kama dakika moja tu ya kusaidiwa, nayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Anatakiwa akaushwe, asisimuliwe mgongo, na kama bado havuti hewa, apewe hewa kwa mfuko na kinyago. Wakunga katika hospitali 8 za nchi yetu walifundishwa hayo kwa mazoezi ya vitendo, wakitumia mdoli wa mtoto mchanga. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Karibu nusu! Hakukuwa na mashine za bei mbaya. Ni mikono iliyozoea.

Na mitihani je? Mwaka 1975 mwalimu wa udaktari aitwaye Ronald Harden, wa Dundee huko Uskoti, alieleza mtihani wa namna mpya. Mwanafunzi anapita kituo hadi kituo kwa dakika chache: hapa pima presha, pale sikiliza kifua, kule mweleze mama jinsi ya kumpa mtoto dawa. Mtahini ana orodha, anaweka alama ya vyema kwa kila unachotenda. Huwezi kupiga chabo!

Sikio ni kifaa cha kwanza

Mwingine ni Howard Barrows, daktari wa Marekani ambaye baadaye alifanya kazi McMaster. Mwaka 1963 alianza kuwatumia watu wazima wenye afya zao waliofundishwa kuigiza ugonjwa. Mwanafunzi anamhoji "mgonjwa", anampima, halafu mwigizaji anamwambia ukweli: "Ulinifokea," au "Hukunitazama usoni."

Unadhani hilo ni dogo? Rudi kwa Kato. Bibi alimpa vidonge vilivyobaki. Mganga akimfokea mama, "Nani alikwambia umpe mtoto dawa bila kupima?", siku nyingine mama ataficha. Atasema hajampa kitu. Mganga naye atatibu akiwa gizani. Wengi wenu mmeniambia kwamba mna matatizo ya mwili, usaha sehemu za siri, hedhi isiyoeleweka, lakini mnaogopa kwenda kupimwa kwa sababu mwenzenu alifokewa mbele ya watu. Mgonjwa anayeogopa kusema amemnyima daktari nusu ya vipimo vyake. Kwa hiyo kusikiliza ni ujuzi, kama kuchoma sindano, na hufundishwa na kupimwa kama huo mwingine.

Je, njia hii haina kasoro?

Inazo, tusidanganyane. Kwanza, inataka walimu wengi, maana kundi likiwa la watu 60 si kundi tena, ni mkutano wa hadhara. Pili, inataka vitabu na sehemu za kutafutia. Tatu, kundi likiwa na mvivu mmoja anayesubiri wenzake, au mjuaji mmoja anayesema peke yake, linakufa. Na nne, kukariri hakukwepeki. Namba 40 ile lazima iwe kichwani. Huwezi kumwambia mama subiri nikafungue kitabu. Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazikuonyesha kuwa wanaoanzia na tatizo wanakumbuka mambo mengi kuliko wengine kwenye mitihani ya maandishi. Wanachozidi ni kuzungumza na wagonjwa na kukabili lile wasilolijua. Kwa hiyo usiende kumwambia mwalimu wako kuwa gazeti limesema kukariri ni upuuzi. Gazeti halijasema hivyo.

Wewe ufanye nini?

Nyinyi tayari mna silaha: diskasheni. Tatizo ni kwamba diskasheni nyingi ni mtu mmoja anasoma notsi, wengine wananakili. Jaribuni hivi Jumamosi hii, watu watano hadi wanane:

1. Chagueni tatizo la kweli la nyumbani. Kwa mfano: familia moja inachota maji bondeni, na watoto wawili wameharisha mara tatu mwezi huu, ila wakubwa wazima.

2. Gawanyeni karatasi sehemu tatu: TUNAJUA, TUNADHANI, HATUJUI. Sehemu ya tatu ikiwa tupu, hamjafikiri vya kutosha.

3. Gawaneni maswali. Mwulizeni mwalimu wa Biolojia, mhudumu wa afya wa kijiji, nesi wa zahanati. Ukitafuta kwenye simu, linganisha na kitabu. Si kila anayeandika ni mtaalamu.

4. Rudini baada ya siku mbili, kila mtu afundishe bila kusoma. Unachoshindwa kueleza hujakielewa.

5. Malizieni na swali: tungefanya nini kesho asubuhi?

Na kama unataka kuwa daktari au tabibu kweli, shikilia Kemia, Biolojia na Fizikia tangu sasa. Kuna njia ya kidato cha sita na shahada ya miaka mitano, na mwaka mmoja zaidi wa kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Kuna pia njia ya stashahada ya utabibu, miaka mitatu, baada ya kidato cha nne. Wengi wanaotutibu kwenye zahanati na vituo vya afya vya Karagwe na Kyerwa wamepita njia hiyo ya pili.

KUMBUKA: Kujua kuhesabu pumzi hakukufanyi kuwa daktari. Mdogo wako akiwa na homa, apelekwe kituoni kupimwa siku hiyo hiyo, wala asipewe vidonge vilivyobaki. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke, au kifua kikibonyea ndani anapopumua, hiyo ni hatari. Usisubiri kuche. Tafuteni bodaboda, aende sasa hivi.

Nikirudi kwa yule binti wa dawati la nyuma: kipindi kilipokwisha alinifuata nje, chini ya mti. Hakutaka kujua kama jibu lake lilikuwa sahihi. Aliniuliza, "Sasa mama akisema amesahau jina la vidonge, nitamuulizaje ili akumbuke?" Nilimwambia aombe kuonyeshwa karatasi ya dawa. Akatikisa kichwa, akasema kwao karatasi hutupwa. Basi tukabaki pale tunawaza wote wawili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini darasa lilimcheka aliyesema "sijui"? Je, darasani kwenu ingekuwaje?
2. Ungemuulizaje mama wa Kato kuhusu vidonge vile bila kumwaibisha bibi?
3. Tafuteni mzee mmoja anayekumbuka klorokwini. Anasemaje kuhusu dawa za malaria zilivyobadilika?

Tuandikieni mliyoyapata. Tukutane toleo lijalo, na mungu akipenda nitakuwa nimepata njia ya kumjibu yule binti.